Bunduki iliyo juu ya dari: nani airudishe, kwa nani, na kwa karatasi gani

Wakaaji wa Katanga, huku Kongo, wenye umri wa kutosha hawajasahau baiskeli za PAREC. Baada ya vita vilivyofungwa kwenye karatasi kule Sun City mwaka 2002 na 2003, programu hiyo ya makanisa, chini ya Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda (ndiye yule aliyekuja kuongoza CENI, tume ya uchaguzi, mwaka 2011), ilipita vijijini na neno rahisi: lete bunduki, ondoka na baiskeli. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa thamani ya baiskeli. Ndiyo inayoleta makala (mkaa) mjini kutoka msituni, gunia juu ya gunia, mwenyewe akiisukuma kwa miguu kutwa nzima. Kwa mkulima wa Mitwaba au Pweto baiskeli ni gari, ni duka, na mgonjwa akizidiwa ni ambulansi. Watu wakaleta silaha. Baadaye malipo yakageuka kuwa dola 100 mkononi, na hapo hesabu ikabadilika, kama tutakavyoona.

Tangu wakati huo swali linarudi kila wezi wa usiku wanapozidi Katuba, Ruashi au komine Annexe hapa Lubumbashi: raia mwenye silaha airudishe kwa hiari yake? Redioni majibu huwa mafupi. Ndiyo, tunataka amani. Hapana, majambazi hawarudishi za kwao. Yote mawili yanateleza mahali pamoja, kwa sababu yanamzungumzia "mwenye silaha" kana kwamba ni mtu mmoja. Ni watu watatu, na kila mmoja ana jibu lake.

Mwenye pupu

Wa kwanza ni mwindaji. Pupu yake, bunduki ya kienyeji, imetoka kwa fundi wa chuma: mtutu ni bomba la maji au bomba la usukani wa gari kuukuu, kitako ni kipande cha mti mgumu, risasi ni katriji ya kaliba 12 au baruti ya kushindilia kwa mkono. Wanaotaka pupu zirudishwe husema zinaua watu. Ni kweli, lakini wa kwanza kuumia kwa kawaida ni yule anayeishika. Bomba la maji lina mshono uliochomelewa kwa urefu wake wote, na halikutengenezwa kubeba msukumo wa katriji. Linavumilia mara kumi, labda mara hamsini, kisha siku moja mshono unaachia. Unaachia pale katriji inapokaa, maana hapo msukumo ni mkali kuliko popote, na hapo ni sentimita chache tu kutoka jicho la mlengaji. Anayeongeza baruti "kidogo" kwa ajili ya mnyama mkubwa anaisogeza siku hiyo karibu.

Ikiwa silaha ya mwindaji ni ya kiwandani na ana karatasi zake, hana sababu ya kuitoa. Anachotakiwa ni kuangalia tarehe. Karatasi zenyewe ni mbili, na wengi huzichanganya: kibali cha kuwa na silaha, kinachotokana na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kibali cha kuwinda, kinachotokana na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Moja haizibi pengo la nyingine. Na ndani ya hifadhi ya Upemba au Kundelungu, hata zote mbili hazimwokoi.

Mwenye pupu isiyo na karatasi ni bora aiache. Lakini kumwambia mtu anayelisha watoto kwa nyama ya porini aibadilishe kwa cheti chenye picha ni dhihaka. Msumbiji walilielewa hili mapema. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likisukumwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kubadilisha silaha kwa majembe, cherehani, baiskeli na mabati. Kitu kilichotolewa kilikuwa chombo cha kazi kwa mtu ambaye chombo chake kimechukuliwa. (Vipande vya bunduki wakapewa wachongaji. Kiti kimoja kilichoundwa na Kester mwaka 2001 sasa kiko British Museum, London.)

Mwenye AK ya dari

Wa pili ndiye anayetuhusu zaidi mjini. Hakununua bunduki ili aue. Aliipata. Askari aliyekuwa akikimbia aliiacha uani. Kaka aliyekuwa katika kundi fulani alikufa, ikabaki chini ya kitanda. Mpangaji aliondoka usiku bila kulipa kodi, na alichoacha nyuma ya friji hakikuwa kodi. Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, jeshi liliporudi nyuma na waasi wa M23 kuingia, silaha zilibaki mitaani na ndani ya kambi zikiokotwa na kila mwenye mikono. Kila mji uliopitiwa na vita una akiba ya namna hiyo, na Lubumbashi ina ya kwake ya miaka mingi.

Bunduki hiyo hufungwa kwenye nailoni pamoja na oili chafu ya gari, ikasukumwa juu ya dari chini ya mabati. Mwenyewe anajiambia: wezi wakija, nitajitetea. Tuliangalie wazo hilo taratibu, kwa sababu ndilo linaloweka silaha nyingi zaidi majumbani kuliko ubaya wa moyo.

Wezi wa usiku Lubumbashi huja kundi, wakivunja mlango. Tangu kishindo cha kwanza hadi wawe sebuleni ni sekunde, wala si dakika. Ndani ya sekunde hizo mtu aliyetoka usingizini apande kiti, afungue dari, afungue nailoni, afute oili, apachike magazini, akoki. Haiwezekani. Kwa hiyo anayeamini kweli hoja ya kujitetea huishusha bunduki kitandani, ikiwa imeshajazwa. Sasa iko mahali mtoto wa miaka sita anapofika.

Tuseme ameiwahi. Swichi ya usalama ya AK ni kipande kirefu cha bati upande wa kulia. Ikiwa juu, imefungwa. Ukiishusha, kituo cha kwanza, cha katikati, ni cha kumimina mfululizo. Risasi moja moja ni kituo cha chini kabisa. Ilipangwa hivyo kwa askari, ambaye katika hofu huibamiza hadi chini. Mwenye nyumba asiyezoea huisukuma kwa woga, inasimama katikati, na magazini ya masasi (risasi) 30 kwa mwendo wa 600 kwa dakika inaisha kwa sekunde tatu. Mtutu nao hupanda juu baada ya zile mbili tatu za kwanza. Sasi la milimita 7.62 linapenya mlango wa mbao, linapenya mabati, na mara nyingi linapenya hata ukuta mwembamba. Upande wa pili wa ukuta, kwenye parsele zetu zilizobanana, amelala jirani.

Kuna jambo jingine ambalo wezi wanalijua kuliko wenye nyumba: bunduki yenyewe ni mali ya kuibwa. Kodi ya nyumba huliwa kwa mwezi mmoja, lakini AK hukodishwa usiku baada ya usiku. Neno likitoka tu kwamba kwa fulani "iko kitu", kwa mdomo wa mtoto au kwa chupa ya tatu ya bia, ile iliyowekwa kufukuza wezi ndiyo inayowaita. Na nyumba ikishika moto, masasi yaliyo darini hulipuka moja moja, na majirani waliokuja na ndoo za maji wanarudi nyuma.

Kwa hiyo kwa mtu huyu wa pili jibu letu ni ndiyo, bila kuzungukazunguka. Inamlinda kidogo kuliko anavyodhani na inamhatarisha kila siku. Kama hairudishi, mara nyingi si kwa kuipenda, bali hajui ampe nani bila kulala mahabusu usiku huohuo. Tutafika hapo.

Mwenye kundi

Wa tatu ni mpiganaji: Mai-Mai, Mzalendo, mlinzi wa kijiji, jina lolote alilopewa na mwaka. Kumwambia huyu arudishe silaha peke yake, kwa dhamiri yake, ni kumpa ushauri mbaya. Bunduki yake ni sehemu ya mizani ambayo upande wa pili una bunduki za wengine.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda. Desemba 2001 serikali iliwaomba wafugaji wa huko warudishe bunduki kwa hiari, na ikaahidi majembe ya kukokotwa na ng'ombe, mabati na, lililo kubwa zaidi, ulinzi wa jeshi. Ndani ya miezi michache zikaja maelfu ya bunduki. Machi 2002 jeshi likaanza operesheni dhidi ya waasi wa LRA ng'ambo ya mpaka, Sudani, na askari waliokuwa wakilinda wakaondolewa kwenda huko. Koo zilizotii, hasa Wabokora, zikabaki mikono mitupu mbele ya jirani ambao hawakutoa za kwao. Ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa. Waliobaki walifanya ambalo ungelifanya wewe: waliuza kilichosalia wakanunua bunduki nyingine. Serikali iliporudi, ilirudi kwa nguvu, na neno hiari likawa halina tena mtu wa kuliamini.

Mtego wa hiari ndio huo: anayetii wa kwanza ndiye anayelipa. Mtego hauteguliwi kwa mahubiri, ila kwa ratiba. Pande zote zitoe siku moja, au kwa mafungu yanayolingana, huku mtu wa tatu mwenye nguvu akisimama katikati tangu kabla ya siku hiyo na kuendelea kusimama baada yake. Kama programu haina jibu la swali "nani atalala hapa kijijini Jumatatu usiku?", mpiganaji ana haki ya kusubiri. Watu wa Minembwe, wa Masisi na wa Djugu wanaijua hesabu hii kuliko mtaalamu yeyote wa Kinshasa.

Ile hesabu ya dola

Turudi kwenye baiskeli. Kwa nini baiskeli ilikuwa na akili kuliko dola 100, hata kama thamani zao zilikaribiana?

Bunduki ina bei ya sokoni, na bei hiyo hupanda na kushuka kulingana na vita. Anayekusanya silaha akilipa chini ya bei hiyo, ataletewa kuukuu: zisizo na springi, zilizoliwa na kutu, mitutu iliyopinda. Akilipa juu yake, ataletewa nzuri, lakini nyingine zitakuwa zimevushwa mpaka wiki iliyopita ili ziuzwe kwake. Atakuwa amefungua soko. Na mwenye bunduki mbili atatoa ile mbovu, kisha pesa yake aitumie kununua masasi ya ile nzima. Pesa taslimu haina njia ya kukwepa hilo, kwa sababu pesa inageuka chochote, hata bunduki.

Baiskeli nayo inauzika, kweli, lakini polepole na kwa hasara, na kabla hujaiuza tayari mkeo ameipakia mahindi. Haivutii wafanyabiashara wa silaha, ambao hawana haja na baiskeli 40. Ila ina kasoro yake: haimfai mtu wa mjini. Mwenye AK ya dari huko Kampemba hataki baiskeli. Anataka kutokamatwa. Kwake karatasi nzuri inazidi baiskeli na dola pamoja.

Kipimo cha "bunduki moja, mtu mmoja" nacho kina historia mbaya. Liberia, mwaka 2004, mtu aliingia kwenye programu kwa kuleta bunduki au masasi 150. Ilipofungwa, walikuwa wameandikishwa watu kama 103,000, na bunduki zilizokusanywa zilikuwa kama 28,000. Makamanda waligawa masasi kwa wapwa na mashemeji ili nao wapokee posho, na wasichana waliobeba mizigo na kupika kambini miaka mitatu wakakosa hata sasi la kuonyesha. Huku kwetu makadogo (askari watoto) na wanawake wa vikundi wamerukwa kwa njia hiyohiyo: bunduki ilikuwa ya mkuu, jasho lilikuwa la kwao.

Hapa tufungue na fundo moja. Kila mjadala lazima atokee mtu wa kusema "Australia walirudisha, wakapata amani." Australia haikuwa hiari. Baada ya mauaji ya Port Arthur ya tarehe 28 Aprili 1996, ambapo watu 35 waliuawa, aina fulani za bunduki zilipigwa marufuku kwa sheria, na wenye nazo wakalipwa thamani yake. Zikarudi kama 650,000. Nyuma ya namba hiyo kulikuwa na sheria mpya, hazina iliyolipa kwa wakati, na polisi ambao raia hakuogopa kuingia ofisini kwao akiwa na bunduki begani. Kuchukua hiyo namba peke yake na kuileta Lubumbashi ni kuchukua mchuzi ukaacha nyama.

Nani anapokea

Ukitaka kujua kama mtu atarudisha silaha, usiulize anapewa nini. Uliza anampa nani. Tarehe 23 Machi 2013 mamia ya wapiganaji wa Bakata Katanga, kundi linalotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi kutoka porini. Baada ya mapambano na vifo mjini, zaidi ya 200 kati yao walijisalimisha. Hawakwenda kwa polisi wala kambi ya jeshi. Walikwenda kwenye kambi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa. Hata mtu aliyeshindwa huchagua mlango wa kubisha.

Mkuu anayehusishwa na kundi hilo, Gédéon Kyungu Mutanga, ni somo zima peke yake. Alijisalimisha kwa MONUC (jina la zamani la MONUSCO) huko Mitwaba Mei 2006. Machi 2009 mahakama ya kijeshi iliyokaa Kipushi ikamhukumu kifo kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Septemba 2011 gereza la Kasapa lilivamiwa, akatoroka pamoja na mamia ya wafungwa. Oktoba 2016 akajisalimisha tena huko Malambwe, safari hii akapokewa kwa shangwe na kupewa nyumba Lubumbashi. Machi 2020 akaondoka nyumbani hapo na kutoweka. Kijana wa kawaida aliyekuwa akitazama alijifunza mambo mawili yanayogongana: ukijisalimisha ukiwa mdogo unaweza kufungwa, ukijisalimisha ukiwa mkubwa unapewa nyumba. Kutoka hapo njia ya haraka ya kupata nyumba ni ipi, kila mtu ajijibie.

Na wapo waliotii kabisa. Mwaka 2013 wapiganaji kutoka mashariki walipelekwa kambi ya Kotakoli, Équateur, pamoja na wake na watoto, wasubiri programu ianze. Chakula na dawa havikufika ipasavyo. Mwaka 2014 Human Rights Watch ilieleza kwamba zaidi ya watu 100 walikufa pale kwa njaa na magonjwa, zaidi ya nusu yao watoto. Habari hiyo ilirudi Kivu haraka kuliko gari lolote. P-DDRCS, programu ya serikali ya kuwarudisha wapiganaji uraiani, iliyoundwa Julai 2021, iliamua kuachana na kambi za mbali na kumrudisha mtu katika jamii yake moja kwa moja, na Kotakoli ni moja ya sababu ambazo wazo hilo lilikubalika kwa wepesi.

Shimo la sheria

Raia anayepatikana na silaha ya kivita, hata kama hajawahi kuvaa sare, hupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Ni matokeo ya sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002, ya utaratibu na ya adhabu za kijeshi. Kwa hiyo anayeingia kituo cha polisi na AK mkononi akisema "nimekuja kuirudisha" anakiri kosa kwa kinywa chake, na usalama wake unabaki kwenye hali ya moyo wa afisa aliye zamu.

Tangazo la redio halibadilishi hilo, hata likisomwa na gavana mwenyewe. Sheria ya msamaha ya tarehe 11 Februari 2014, namba 14/006, ilihusu uasi, vitendo vya vita na makosa ya kisiasa ya kati ya tarehe 1 Januari 2006 na tarehe 20 Desemba 2013, na kila mtu alitakiwa kutia saini ahadi ya kutorudia. Haikuacha mlango wazi wa kudumu. Umoja wa Afrika nao tangu 2017 umeufanya Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaorudisha silaha haramu, lakini mwezi huo unauma tu pale serikali ya nchi inapouandikia agizo lake yenyewe. Swali la kuuliza kampeni yoyote kabla ya kufungua dari ni hili: oditera (mwendesha mashtaka) wa kijeshi ametia saini maandishi kwamba hatamshitaki anayerudisha ndani ya siku hizi? Kama wanasema "usijali, tumeelewana", subiri.

Jinsi ya kuirudisha bila kufa wala kufungwa

Kosa la kwanza ni kuibeba. Mtu anaifunga kwenye gunia, anapanda moto (pikipiki), anakutana na bariere. Askari akilipapasa gunia hilo, hakuna maelezo yatakayomfikia masikioni. Bunduki ibaki ilipo. Kwanza liende neno. Lipitie kwa mtu anayejulikana: shefu wa avenu, padri, mchungaji, mwakilishi wa jumuiya ya kiraia. Wakubaliane saa, mchana, na wapokeaji waje penye silaha, au ikutanishwe mahali pa wazi kama uwanja wa parokia. Parokia iwe mahali pa kukutania tu, isiwe ghala. Padri anayelaza bunduki 12 kwenye sakristia amegeuza kanisa kuwa shabaha ya usiku ule. Zikabidhiwe na kuondoka siku hiyohiyo.

Wapokeaji wakiwa na fundi wa silaha, mwachie yeye. Kama ni lazima iguswe kabla, mpangilio ni mmoja na haugeuzwi. Mtutu uelekee chini kwenye udongo laini, mbali na watu. Kidole kiwe nje ya kifyatulio. Magazini itoke kwanza: kile kishikizo kilicho mbele ya kikingio cha kifyatulio kinasukumwa, nayo inabinuliwa mbele. Hapo ndipo swichi inashushwa hadi chini, maana ikiwa juu mkono wa kukokea hauvutiki wote, na mkono unavutwa nyuma hadi mwisho. Kama kulikuwa na sasi chemba, litaruka nje. Angalia chemba kwa jicho, kama ni giza kwa ncha ya kidole, kisha uachilie, urudishe swichi juu. Wanaojiua kwa bahati mbaya hugeuza hatua mbili: wanakoki kwanza, sasi la zamani linaruka, jipya linapanda kutoka kwenye magazini, ndipo wanaitoa magazini na kuiona bunduki "tupu". Iliyofungwa kwa oili chafu miaka mingi huwa imeganda. Isipigwe nyundo wala kuwekwa juu ya jiko ilainike.

Bombi la mkono haliguswi hata kidogo. Pini iliyooza inakatika kwa mguso, na ukishasikia ule mlio una sekunde tatu au nne. Weka alama pembeni, ondoa watoto, mwite mtaalamu, hata kama ni siku tatu kusubiri.

Kisha karatasi. Prosevebali, yaani hati ya kupokea, iwe na aina ya silaha, namba iliyogongwa kwenye chuma (kwa AK nyingi iko ubavu wa kushoto, mbele), idadi ya magazini na masasi kwa kuhesabu mbele yako, tarehe, saa, jina na cheo cha aliyepokea, muhuri, saini za mashahidi wawili. Nakala mbili, moja ibaki kwako, na piga picha ya ile namba kabla haijaondoka. Namba ndiyo roho ya karatasi hiyo. Hati isemayo "AK moja imepokelewa" haina faida: bunduki hiyo ikipatikana mwaka kesho kwenye mikono ya jambazi, huna la kuonyesha kwamba ilishatoka kwako. Na silaha zilizokusanywa kurudi mtaani kwa mlango wa nyuma wa ghala ni jambo la kawaida kuliko wanavyopenda kukiri wenye maghala.

Namba inafungua na njia nyingine. Protokali ya Nairobi ya 2004, ambayo Kongo ni mwanachama wake, inataka silaha za serikali zigongwe alama ya nchi, na kituo cha RECSA, chombo cha nchi za ukanda kuhusu silaha ndogo, kilicho Nairobi kimesaidia nchi za ukanda huu kupata mashine za kugonga alama hizo. Bunduki iliyorudishwa ikiwa na alama ya serikali inaonyesha ilitoka ghala gani. Anayeiyeyusha bila kuandika namba amechoma ushahidi.

Lakini baada ya kuandika, iharibiwe, na iharibiwe sawasawa. Machi 27, 1996 Timbuktu walichoma moto kama silaha 3,000, na mnara ukajengwa pale. Moto ule unapendeza macho, ila wenyewe hauitoshi bunduki: kuni zinaungua na springi zinalegea, lakini chuma kikubwa kinabaki. Kinachofanya kazi ni kukata kwa gesi, na kukata mahali panapostahili: mwili wa bunduki pale mtutu unapoingia, mwili tena katikati kwenye kifyatulio, mtutu wenyewe karibu na chemba, na kile kipande cha ndani kinachosukuma sasi. Ukikata mtutu peke yake kwa ajili ya picha za wanahabari, fundi wa pupu atafanya kazi na kilichobaki. Lubumbashi haikosi wachomeleaji wanaoweza kazi hiyo asubuhi moja. Mbele yao awepo mtu mwenye orodha ya namba, akiweka alama moja moja kabla chuma hakijapoa. Masasi yasiingizwe kwenye moto huo. Hayo yana shimo lake na mtaalamu wake.